Joto la umeme chini ya sakafu: yakaguliwe kabla ya saruji

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimeendelea kusogea mbali na miji yetu. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, hata katika kata zilizo mbali na mwambao wa ziwa kama Ngenge, mazungumzo ya kamati nyingi si tena "umeme utafika lini" bali "tuutumieje". Hatua ya kwanza huwa ni taa. Ya pili ni redio, simu na luninga. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo tunataka kuizungumzia katika makala hii, ni joto: pasi, birika, maji ya kuoga katika nyumba ya wageni, banda la vifaranga, na mara nyingine, hasa pale ramani ya jengo inapochorwa na marafiki walioko Ulaya, sakafu inayopashwa joto kwa umeme.

Tofauti kati ya taa na joto ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Taa ya kisasa hutumia wati 9 au 10. Hita ya bafuni inayochemsha maji papo kwa papo hutumia wati 5,500, ambazo zingetosha kuwasha taa zaidi ya 500 kwa pamoja. Kwa umeme wetu wa volti 230, hita hiyo moja huvuta ampea 24 hivi. Waya mwembamba wa taa, ule wa milimita 1.5 za mraba, ukibebeshwa mzigo huo utapata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona. Kwa hiyo kamati inayopanga kutumia umeme kwa ajili ya joto haina budi kujua mambo machache, hata kama kazi yenyewe itafanywa na fundi.

Sakafu hupashwaje joto?

Wazo lenyewe ni la kale. Wakorea kwa karne nyingi walipitisha moshi wa jiko chini ya sakafu ya mawe kabla haujatoka nje, ili walale pakavu na pa joto. Hapa kwetu, katika nyumba ya msonge ya Wahaya, moto wa mafiga ulikuwa humo humo ndani, na nyasi za rweya zilizotandikwa chini zilizuia baridi ya udongo isimfikie aliyeketi. Wote walikuwa na shida moja, nayo ni kwamba ardhi hunyonya joto la mwili.

Kwa umeme, kinachofanya kazi ni waya maalum wa joto. Hulazwa kwa kwenda na kurudi juu ya wavu, mistari ikiachana kwa nafasi sawa, kisha hufunikwa kwa saruji au kwa gundi ya vigae. Chini yake huwekwa tabaka la kuzuia joto lisizame ardhini, kwani bila tabaka hilo mwenye nyumba analipia kupasha udongo. Kati ya mistari miwili huingizwa kijibomba chembamba chenye kipima joto, nacho huunganishwa na themostati ukutani inayowasha na kuzima. Kwa kawaida mita moja ya mraba hupewa wati 100 hadi 150, na uso wa sakafu ya chumba cha kukaa haupaswi kuzidi nyuzi 29 hivi za Selsiasi.

Waya huo haufanani na waya wa kawaida, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Fundi aliyezoea nyaya za taa hukata kinachozidi. Waya wa joto haukatwi kamwe. Ukiufupisha, ukinzani wake hupungua, umeme mwingi zaidi hupita, na unaungua. Kinachoweza kukatwa ni ule mkia wa kawaida tu unaokwenda kwenye themostati. Aidha mistari haipaswi kupishana wala kugusana, na waya haupiti chini ya kabati lililojengewa wala chochote kitakachoziba joto lisitoke.

Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwetu. Ulaya sakafu hubaki wazi. Kwetu, siku ya msiba au ya harusi, chumba hicho hicho hutandikwa magodoro ya sponji ukuta hadi ukuta. Godoro juu ya sakafu yenye joto hufanya kazi ya kifuniko cha sufuria. Joto linalokosa njia ya kutokea hujikusanya chini yake, na waya huweza kuharibika, au godoro lenyewe.

Je, nyumba zetu zinaihitaji?

Kwa maoni yetu, kwa watu, hapana. Mji wa Bukoba uko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku kwa kawaida haishuki sana chini ya nyuzi 15 au 16. Blanketi, dari na madirisha yanayofunga vizuri hutosha. Wafadhili wanaotoka katika nchi za theluji huwazia wageni watakaotoka bafuni wakitetemeka. Nia ni njema, lakini fedha hiyo ina kazi nyingine.

Tufanye hesabu. Chumba chenye mita 10 za mraba, kwa wati 150 kila mita, kinahitaji kilowati 1.5. Kikiwashwa saa 6 kwa siku ni uniti 9. Kwa siku 30 ni uniti 270. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti iliyotangazwa mwaka 2016 kwa wateja wa matumizi ya kawaida, ni shilingi 78,840 kwa mwezi kabla ya kodi, kwa chumba kimoja, na LUKU haikopeshi. Ni kweli themostati huzima na kuwasha, hivyo matumizi halisi huweza kuwa pungufu. Lakini ni nani katika parokia atakayelipa hata nusu ya fedha hizo mradi ukishakabidhiwa?

Kuna sababu nyingine ya hapa kwetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba. Shule za Ihungo na Nyakato zililazimika kujengwa upya. Sakafu ikipasuka, waya uliozikwa ndani yake hukatika au kuchubuka pamoja nayo, na hakuna namna ya kuutengeneza bila kuvunja saruji. Wale ambao nyumba zao zilizibwa nyufa kwa lipu tu baada ya tetemeko wangefanya vema kupimisha hata nyaya za ukutani, kwani lipu huficha waya uliochubuka bila kuuponya.

Mahali ambapo joto la chini lina faida

Penye manufaa ya kweli ni kwenye mifugo midogo, shughuli ambayo vikundi vingi vya akina mama na vijana wameichagua. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumkinga. Katika wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka azoee hali ya kawaida. Mtoto wa nguruwe katika siku zake za kwanza anahitaji nyuzi 30 na zaidi, wakati mama yake anaona raha kwenye nyuzi 18 hadi 20. Huwezi kupasha banda zima, maana ukimfurahisha mtoto unamchosha mama. Ndiyo maana wafugaji wa nchi za baridi hupasha kona moja tu ya sakafu, pale watoto wanapolala. Wazo hilo linafaa hapa, ila si lazima waya uzikwe. Ipo mikeka ya joto iliyofungwa kiwandani isiyopitisha maji, ambayo hulazwa juu ya sakafu na kuondolewa wakati wa kusafisha. Kikiharibika unabadilisha kimoja, nyumba inabaki salama. Tungeshauri vikundi vianzie hapo.

Wengi hutumia balbu, na si vibaya. Balbu ya joto ya wati 100 ikiwaka mchana na usiku hula uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 67 hivi kwa wiki 4. Angalieni hapo. Mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Balbu moja karibu imalize fungu hilo peke yake, kabla ya taa za nyumba. Kikundi kinachopanga faida ya kuku kiweke gharama hii kwenye hesabu tangu mwanzo.

Balbu ining'inizwe kwa mnyororo au waya mgumu wa chuma, kamwe isishikiliwe na waya wake wa umeme, na iwe juu ya maranda kwa sentimita 45 au zaidi. Ikidondoka kwenye maranda makavu usiku, banda huteketea kabla jirani hajaamka, na mara nyingi banda limegusana na jiko au nyumba ya kulala. Nyaya zipite juu ambapo kuku hawadonoi, na ndani ya bomba gumu kwa sababu panya nao wana meno. Umeme ukikatika, msikimbilie kuingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua vifaranga na mlinzi wao pia. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa zitawavusha kwa saa kadhaa.

Kinachomlinda mtu

Wanakamati wengi wanaamini kwamba nyumba yenye sakiti breka ni nyumba salama. Ni nusu ya ukweli. Breka ya ampea 16 hulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ampea 16 ni mara 500 na zaidi ya hizo. Mama aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji, akagusa hita inayovujisha umeme, anaweza kufa huku breka haijahisi chochote.

Kinachomlinda ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni waya wa ardhini, ule wa kijani au wa kijani na njano, unaounganisha kila chombo cha chuma na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Umeme ukivuja kwenye bati la hita hupata njia hiyo mapema kabla hujagusa. Cha pili ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, kinachofungwa kwenye boksi la meni swichi. Hiki hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata mara moja. Kwa sakafu ya joto, kwa bafu na kwa banda lenye unyevu, kifaa hiki si anasa. Kina kitufe cha kujaribia. Mteueni mtu mmoja akibonyeze kila baada ya miezi 3, na kisipokata umeme kibadilishwe.

Kuhusu fimbo ya ardhini, jiografia yetu ina neno. Bukoba hupata mvua nyingi sana, na udongo wenye maji hupokea umeme vizuri. Ngenge iko nyuma, mbali na ziwa, na mvua yake ni pungufu. Udongo mkavu hupokea kwa shida. Fimbo iliyopimwa mwezi Aprili ikaonekana nzuri inaweza kuwa haifai mwezi Agosti. Kwa hiyo ombeni ipimwe wakati wa kiangazi, au ipimwe tena. Penye mwamba, ambapo fimbo inagoma kuingia, fundi asiikate ikabaki kipande. Apige fimbo mbili au tatu zilizoachana na kuziunganisha, au azike waya mrefu wa shaba kwenye mtaro. Kufunga kwenye bomba la maji hakufai, maana mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki. Na fimbo hii isichanganywe na kinga ya radi, ambayo ni kazi nyingine kabisa.

Jambo la tatu ni njia ya pekee. Hita, sakafu au banda kila kimoja kiwe na waya wake kutoka kwenye boksi, wenye unene unaolingana na mzigo, na breka yake. Ekstensheni inayopita chini ya mlango si ufungaji wa umeme. Vivyo hivyo kile kifaa cha Umeme Tayari (UMETA), kilichosaidia kaya nyingi zenye nyumba ndogo kuunganishwa bila kufunga nyaya nyumba nzima, ni kizuri kwa taa, redio na simu. Hakikukusudiwa kubeba joto.

Kabla ya saruji kumwagwa

Ikiwa baada ya kupima yote haya kamati bado imeamua kuzika waya wa joto, au hata nyaya za kawaida ndani ya sakafu na kuta, basi saa muhimu kuliko zote ni ile kabla ya kufunika. Baada ya hapo kosa la shilingi elfu tano hugharimu kuvunja chumba.

Waya wa joto hupimwa ukinzani mara tatu: unapotolewa kwenye boksi lake, baada ya kulazwa, na baada ya kufunikwa. Namba inayotakiwa imeandikwa kwenye lebo ya waya, lakini mnaweza kuihakiki wenyewe: zidisheni 230 kwa 230, kisha gawanyeni kwa wati. Kwa waya wa wati 1,500 jibu ni omu 35 hivi. Mita isiposoma chochote, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Vipimo vyote vitatu vifanane na lebo kwa karibu. Aidha fundi apime kati ya waya wa joto na ganda lake la chuma kwa kifaa maalum cha kupima uimara wa ganda, ili ajue hakuna mahali palipochubuka, na ahakikishe ganda hilo limeunganishwa na waya wa ardhini. Kipima joto nacho kipimwe, kwa sababu kikizikwa kibovu themostati haitajua lini izime.

Mara nyingi waya huharibiwa na wasaidizi siku ya zege, wala si na fundi umeme. Toroli hupita juu yake, chepe huuchubua, mtu anaukanyaga akiwa na buti. Wekeni mbao za kupitia, na fundi umeme awepo na mita yake imeunganishwa wakati saruji inamwagwa. Akiona namba imebadilika, kazi isimame hapo hapo, zege likiwa bichi. Kisha sakafu isiwashwe mpaka saruji ikomae, kwa kawaida siku 28. Kuiwasha mapema ili ikauke haraka ndiyo njia ya uhakika ya kuipasua.

Nani afanye, na nani alipe

Kazi hii ni ya fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Leseni zina madaraja, hivyo ombeni kuiona na mhakikishe daraja lake linaruhusu kazi yenu na tarehe haijapita. Kijana wetu aliyehitimu VETA apewe nafasi, tena kwa moyo wote, lakini chini ya mwenye leseni atakayeweka sahihi. Fomu ya TANESCO nayo imekuwa ikihitaji mhuri wa mkandarasi. Mhuri ulionunuliwa bila mkandarasi kufika kwenye jengo hauna faida kwa yeyote.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi kwa heshima. Bajeti inapobanwa, kinachofutwa kwanza ni kile kisichoonekana katika picha ya uzinduzi: fimbo ya ardhini, kifaa cha kukata umeme unaovuja, na ada ya kupima. Taa zinabaki, jokofu linabaki. Tungeomba mistari hiyo mitatu iwekwe peke yake katika bajeti, isiingizwe ndani ya "vifaa vya umeme", na isihamishwe bila barua. Malipo ya mwisho ya fundi yatolewe baada ya vipimo kuandikwa, na si baada ya taa kuwaka, kwani taa huwaka vizuri kabisa hata katika nyumba isiyo na waya wa ardhini.

Kwa upande wa kamati, achaguliwe mjumbe mmoja wa kusimama kando ya fundi siku ya vipimo. Hahitaji kuwa mtaalamu. Anahitaji kalamu, simu ya kupiga picha nyaya kabla hazijafunikwa, na ujasiri wa kumwambia fundi asubiri. Ziandikwe tarehe, namba zote tatu za ukinzani, kipimo cha fimbo ya ardhini, jina la fundi na namba ya leseni yake. Nakala moja iingie kwenye faili la mradi. Nyingine iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki na kubandikwa kwenye mlango wa ndani wa boksi la meni swichi, pamoja na mchoro unaoonyesha waya umepita wapi, ili yule atakayekuja kutoboa sakafu miaka 10 ijayo asome kwanza.